Daraja la kunyanyuliwa gatini: mtetemo, geji za mkazo ama mita ya kilowati?

Kweche_Beach: Wakuu, oda inatoka Ijumaa. Ni daraja la kupandishia magari kwenye feri, upande wa Kisumu. Tumechoka kubadilisha vipuri kwa kufuata kalenda. Ninunue vihisi gani vya kutuonya kipuri kikianza kuchoka?

Grisi_Mbili: Omera, umeacha yote ya maana. Mota na giaboksi ama hidroliki? Lina uzani wa kusawazisha? Linanyanyuliwa mara ngapi kwa siku? Magari tu, ama mabehewa ya treni kama yanayobebwa na feri ya MV Uhuru?

Kweche_Beach: Mota na giaboksi, inveta (ya kubadilisha kasi ya mota) hakuna. Uzani upo. Mara sita hadi nane. Magari tu.

Volti_Nyalenda: Basi kwenye pini za bawaba sahau mtetemo. Pini haimalizi hata robo mzunguko, na vihisi vingi vya bei nafuu havisomi vizuri chini ya hezi 10. Utaona mstari umenyooka mpaka siku pini inakwama. Mtetemo ni wa mota na shafti ya kasi, basi.

Chukua geji za mkazo, vile vipande vya kubandika vinavyopima chuma kinavyovutika. Nne za ohm 350, digrii 45 kwenye shafti, mbili kila upande, ziunganishwe daraja kamili (saketi ya umeme, si daraja lako) ili joto na kupinda vijifute. Kwangua rangi mpaka chuma, msasa wa 320, asetoni, gundi, kisha ziba maji. Pima siku isiyo na upepo. Tuseme kunyanyua, nguvu ya kuzungusha shafti ni 10 kNm, na kushusha shafti inazuia 4. Jumlisha ugawe kwa mbili: 7, huo ndio uzito usiosawazishwa. Toa ugawe kwa mbili: 3, huo ni msuguano. Msuguano ukipanda wiki hadi wiki, grisi haifiki.

Kilowati_Tu: Geji zitang'oka na unyevu huo. Mita ya kilowati inafungwa ndani ya paneli, saa mbili umemaliza.

Grisi_Mbili: Lakini iwe kilowati, si ampea! Kuna gati waliweka kengele kwenye ampea. Mota ilikuwa kubwa kuliko kazi, na mota ya aina hiyo hata ikizunguka bure huvuta theluthi hadi nusu ya ampea zake, kwa hiyo mzigo ukiongezeka kidogo sindano haisogei. Ziwa likapanda, maji yakaingia shimo la uzani. Zege ni kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Likizama, kila mita ya ujazo hupungukiwa tani moja. Daraja likawa zito mbele, breki ikabeba kila linaposhushwa, bitana zikaisha mpaka chuma. Kengele kimya.

Kilowati_Tu: Pampu ya shimoni ni bei gani? Hapo hakukosekana kihisi.

Volti_Nyalenda: Mnasahau radi za ziwa hili. Tumia vihisi vya 4–20 mA, vinavyotuma kipimo kwa mkondo wa umeme, cha chini kabisa kikiwa 4. Waya ukikatika inasoma sifuri, unajua mara moja. Ngao ya kebo (ule wavu wa chuma unaozunguka nyaya) ifungwe ardhini upande wa paneli peke yake.

Grisi_Mbili: Pande zote mbili, mzee. Ukifunga mmoja, radi haina pa kupita.

Volti_Nyalenda: Na mkondo wa kati ya ardhi mbili utaupeleka wapi? Radi ni kazi ya kilinda-radi, kimoja kila mwisho.

Gugumaji_Kila_Siku: Swichi za kikomo je, zile za kusimamisha daraja likifika mwisho? Magugu yakijisokota kwenye mkono wake, daraja linasimama nusu na vihisi vyote vinasema salama.

Kweche_Beach: Yetu imesokotwa hata sasa. Volti, kebo ni mita 60 na inapita kando ya waya wa mota. Niihamishe?