Nyumba ya babu Moshi mjini, naomba ushauri kabla haijavunjwa

Wakuu habari za saa hizi, babu alituachia nyumba hapa Moshi mjini, ya enzi za mkoloni, ina kibaraza kizuri ila bati limeliwa na kutu balaa, sasa kaka mkubwa anataka iuzwe ivunjwe zijengwe fremu, mi nataka itangazwe jengo la kihistoria. Nimeipitia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, majengo ya kabla ya 1863 yanalindwa yenyewe, haya yetu ya juzijuzi mpaka waziri atangaze kwenye gazeti la serikali. Aliyewahi kufuatilia hii ishu, naanzia manispaa au naandika moja kwa moja Mambo ya Kale? Na ikishatangazwa, bati nabadilisha mwenyewe au mpaka kibali? Maana masika hayo yanakuja na sebuleni tunakinga ndoo.