Tunataka kufungua kituo cha pamoja cha tiba asili na tiba mbadala Dar, tuanzie wapi?

Mwarobaini_40
Wakuu, habari za kazi. Tuko watano: mkandaji wa masaji, wawili wa hijama (kuumika kwa vikombe), mmoja wa sindano za Kichina na mmoja wa mitishamba. Tumeona nyumba Kinondoni, ina vyumba vitatu na ukumbi. Tunataka kuitumia kwa zamu. Tunakwama hapa: usajili ni wa mtu au wa jengo? Bei ya saa moja ya chumba inapigwaje? Na vyumba vipangweje ili huyu asimkere yule?

Kanzu_Nyeupe
Mkuu, usajili ni wa vyote viwili. Kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linasajili mtoa huduma, linasajili kituo, na dawa nazo zina usajili wake. Cheti chako hakilibebi jengo. Na jengo kusajiliwa hakumbebi mgeni mliyempa chumba cha Jumamosi moja. Hapo ndipo vituo vya pamoja vinapoteleza: wenyeji wana vyeti, mgeni hana, ukaguzi unakuja siku ya mgeni. Nakala ya cheti ikae mapokezi kabla mtu hajapewa ufunguo.

Muoneni mratibu wa tiba asili wa manispaa kabla ya kulipa kodi ya nyumba, aje alione jengo. Someni pia mkataba: kama hauruhusu kupangisha tena, pateni idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, la sivyo mtatolewa wote watano kwa kosa la karatasi moja. Matangazo ya redioni na mitandaoni yanahitaji kibali cha Baraza. Bango lisiandike "Dokta" kwa asiye daktari. Ramli isiingie kabisa, hata kwa mlango wa nyuma.

Leja
Bei ya saa msiibuni kwa kuangalia jirani. Mfano: vyumba 3 × saa 8 × siku 26 ni saa 624 kwa mwezi. Hazijai zote, mwaka wa kwanza pigeni hesabu kwa 40%, yaani kama saa 250. Gharama zote za mwezi (pango, umeme, maji, mlinzi, mapokezi, kufua, taka) zikiwa 2,500,000, saa moja inakuwa 10,000 bila faida. Wengi hugawa gharama kwa zile 624, wanapata kama 4,000, mwezi wa tatu wanachangishana.

Kingine ni kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anakata 10% ya pango na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato). Mwenye nyumba akisema "mimi nataka milioni yangu mkononi", pango lenu halisi ni 1,111,111, si milioni. Malizaneni kwenye mkataba.

Mtu alipie zamu nzima (asubuhi au jioni), si saa mojamoja. Saa mojamoja zinaacha mianya isiyouzika.

Bi_Mchaichai
Niongezee vyumba. Kitanda cha masaji kina upana wa sentimita 70 na urefu wa 185 hivi. Mkandaji anahitaji sentimita 80 kila upande na nyingine 80 upande wa kichwa, kwa hiyo chumba kisipungue mita 2.3 kwa 3.2. Mkigawa ukumbi kwa jipsamu, ukuta upandishwe mpaka juu ya dari. Ukiishia kwenye dari, sauti inapita juu, na mteja wa chumba cha pili anasikia maradhi ya mwenzake. Mlango uwe na mpira chini.

Mitishamba ikae mbali na vyumba vya kulala wateja. Kukausha, kutwanga na kufukiza kunamchokoza mwenye pumu hata akiwa chumba cha tatu. Na kila mtaalamu awe na kabati lake la mafaili lenye kufuli. Mapokezi waone jina na saa tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, faili la mgonjwa kuzagaa si aibu tu, ni kosa.

Mwarobaini_40
Asanteni sana. Bi Mchaichai, masaji na hijama vinaweza kutumia chumba kimoja kwa zamu tofauti?

Bi_Mchaichai
Hijama ya kuchanja, hapana. Hiyo inataka sakafu ya vigae, sinki la kunawia humohumo na kitanda cha rekzini (ngozi bandia) kisicho na mshono uliopasuka. Zulia na mafuta ya masaji havikai na damu. Akupancha (sindano za Kichina) na masaji ndio wanaopatana chumba kimoja.

Chumba cha hijama: nyembe na vikombe ni vya mteja mmoja, vinatupwa. Nyembe zinaingia kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, kinafungwa kikifika robo tatu, msishindilie. Kitanda na sakafu futeni kwanza uchafu, ndipo mpake klorini ya 0.5%: dawa ya klorini ya 3.5% kipimo 1, maji vipimo 6, iachwe dakika 10. Damu ikiwa bado ipo inaimaliza nguvu klorini, ndiyo maana unafuta kwanza. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Wekeni mkataba na anayechoma taka za hospitali. Gari la taka za mtaa si mahali pake. Wachanjaji wote wapate chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita.

Taulo za mkandaji zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, zisirundikwe zikiwa bado na joto la mashine ya kukaushia. Mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi hujipasha yenyewe hadi yakawasha moto, na kabati la taulo kwa kawaida liko karibu na mlango wa kutokea.