Mrejesho: kibali cha usalama cha mdogo wangu Marekani

Ndugu zangu, niliuliza kama mdogo wangu ataje kwenye fomu ya SF-86 (ya kuomba kibali hicho, yaani ruhusa ya kushughulikia siri za serikali) kwamba aliwahi kukamatwa kwa wizi wa dukani, ilhali kesi ilifutwa. Wengine mlisema akaushe. Aliandika yote: tarehe, mahakama, kesi ilivyoisha. Fomu yenyewe inataka hivyo, hata rekodi ikiwa imefutwa. Mpelelezi alipomhoji, mpelelezi huyo tayari alikuwa na karatasi za polisi mezani! Kosa la zamani, la mara moja, laweza kusameheka chini ya Mwongozo J, kanuni ya kupima makosa ya jinai ya mwombaji. Kuficha makusudi ndiko kunakoumiza: ni Mwongozo E, kanuni ya mwenendo binafsi na uaminifu, tena ni jinai ya hadi miaka 5 jela. Kibali kimetoka, anaanza kazi Jumatatu. Kama kuna aliyeficha, arekebishe mwenyewe mapema, kabla hajabanwa. Hilo nalo huzingatiwa. Asanteni sana.