Mrejesho: kiwanja cha Chanika, Dar es Salaam, chenye karatasi ya serikali ya mtaa

Wakuu, niliuliza kama benki itapokea mauziano ya serikali ya mtaa (karatasi ya kuuziana iliyoshuhudiwa na ofisi ya mtaa) kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Jibu: hapana. Wanataka hati miliki, na kama kuna ndoa, ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Hati nayo haianzi kwa mpima. Kwanza mchoro wa mipango miji (ramani inayopanga barabara na viwanja) uidhinishwe, na mchoro haufuati kiwanja kimoja, unachukua eneo zima. Jirani akigomea barabara, wote mnakwama. Ndipo upimaji, mawe ya mipaka, ramani ya upimaji, halafu maombi ya umilikishwaji.

Pa kuumia ni hapa: mauziano yalisema hatua 20 kwa 20 (hatua moja kama mita moja), mpaka "mwembe". Barabara ilipochorwa ikala mita 3 mbele, zikabaki 20 kwa 17, yaani mita za mraba 340, siyo 400. Kama msingi ungekuwa umeshamwagwa mbele, ungekuwa ndani ya barabara.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mpima achukue koodineti (namba za mahali kwenye ramani) za pembe zote nne, mkazilinganishe na mchoro ulioko halmashauri. Mwembe hukatwa, koodineti hubaki.

Leseni ya makazi (kibali cha kuishi kwenye eneo lisilopimwa)? Inasaidia, ila ni ya muda, siyo hati.