MJADALA: PSP ikikataa kusoma diski, fundi akijaza gemu kwenye memori ametengeneza?

Mwanzisha mada

Assalaam alaykum, wana Tanga. Nina jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili kwa uwazi.

Mtoto wa dada yangu ana PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, lile toleo la 1000 la mwanzo, nene. Baba yake mdogo alimletea kutoka Muscat pamoja na diski sita. Mwezi wa tano, masika bado haijakatika, ikaanza kugoma. Unatia diski, unaisikia inazunguka, inakwaruza kidogo, halafu kimya. Alama ya diski haitokei. Akaipeleka Ngamiani kwa fundi, akaambiwa lenzi imekufa, asubiri. Baada ya nusu saa akarudishiwa: 25,000. Kwenye memori kuna gemu kumi na nne asizoziomba, na ligi yake aliyoicheza tangu mwaka jana imefutika, kwa sababu memori ilifomatiwa. Diski zake hazisomi vilevile.

Nilipoitazama nikaumia zaidi. Kwenye 1000 kuna skrubu zilizofichwa chini ya stika ya dhamana, pale betri inapokaa. Stika ilikuwa nzima, haijainuliwa hata kona. Nikafungua mlango wa diski. Lenzi inaonekana wazi pale, huhitaji bisibisi, na juu yake kuna ukungu wa vumbi na unyevu kama kioo cha dirisha la jikoni. Huyo fundi aliijuaje kuwa imekufa?

Sisi tunaokaa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyofanya. Na diski hizi za UMD zina udhaifu wake: ni kiduara cha milimita 60 ndani ya ganda la plastiki, na dirisha la ganda halina kifuniko cha kujifunga. Vumbi la mfukoni linaingia moja kwa moja hadi kwenye lenzi.

Nilichofanya ni hiki. Nilizima mashine, nikatoa betri, nikachukua pamba ya kijiti, tone moja tu la isopropili, ile spiriti ya kusafishia, nikazungusha taratibu bila kukandamiza, maana lenzi imekalia waya laini sana. Nikaacha ikauke. Diski nne kati ya sita zikasoma papo hapo. Ya tano, plastiki yake angavu ilikuwa imebanduka kwenye ganda, diski inacheza ndani. Gundi kidogo pembezoni, mbali na diski yenyewe, ikapona. Ya sita ni filamu ya soko la Marekani na mashine ni ya Mashariki ya Kati. Gemu za PSP hazifungwi kwa eneo, ila filamu zake zinafungwa, kwa hiyo ile haitacheza hata lenzi ikiwa mpya ya kiwandani. Hilo nalo si ugonjwa wa mashine.

Msimamo wangu: fundi atafute ubovu kwanza, mwenye mali akiona. Diski ikizunguka bila kusoma, ni lenzi au diski yenyewe. Isipozunguka kabisa, hapo ndipo uangalie mota, utepe wa waya, au ile swichi ndogo ya mlango. Kuhamishia gemu kwenye memori ni kazi nyingine, ina bei nyingine, na inataka ridhaa.

Fundi wa simu na gemu, Ngamiani

Kaka, si mimi niliyemhudumia huyo kijana, na kumfomatia mtu memori bila kumuuliza ni kosa, sitetei. Ila usituhukumu wote.

PSP iliacha kutengenezwa 2014. Lenzi tunazoletewa sasa nyingi zimetolewa kwenye mashine mbovu, zikafutwa, zikafungwa kwenye mfuko kama mpya. Nikikufungia leo, wiki mbili unarudi unanitukana mbele ya wateja. Na mashine ya umri ule utepe wake umekauka. Ukiuvuta vibaya unakatika, na umeua kilichokuwa kizima. Memori haina mota, haina lenzi. Betri nayo inapumua, kwa sababu kuzungusha diski kunakula umeme, na yale matoleo ya baadaye, 2000 na 3000, yana betri ya mAh 1,200 tu, wakati hiyo yako ya 1000 ilikuja na 1,800.

Halafu mtengenezaji mwenyewe aliikimbia diski. PSP Go ya 2009 haina hata tundu la UMD. Sony wakiona diski ni mzigo, mimi wa Ngamiani kosa langu nini?

Mama wa Makorora

Mwanangu fundi, nakusikia. Lakini mimi ndiye ninayetoa hela. Mtoto wangu naye aliwekewa na fundi gemu za kuuana za watu wazima kwenye memori yake, nikazikuta mwenyewe usiku. Diski nilizozikubali nilizichagua kwa macho yangu dukani. Nani amewapa ninyi mafundi ruhusa ya kuchagua gemu za mwanangu?

Mwanafunzi wa sheria, yuko likizo Chumbageni

Shikamoo mama, na wengine habari zenu.

Hapa kuna mambo mawili yamechanganywa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na gemu ni programu. Fundi anayejaza gemu kumi na nne ambazo mteja hakuzinunua, tena kwa malipo, anauza nakala za kazi ya watu. Hilo halisafishwi na lenzi mbovu.

Mwenye diski halali mkononi yuko kwenye shida tofauti, na hapa nakubaliana na fundi kwa nusu. Japani, 2011, ulipotoka PS Vita, mrithi wa PSP, kulikuwa na mpango wa kusajili UMD zako ili upate gemu hizohizo kwa njia ya kupakua, kwa bei nafuu. Kwingine haukufika. Julai 2021 ununuzi kwenye duka la mtandaoni la PSP yenyewe nao ukafungwa. Hata California, sheria yao ya haki ya ukarabati iliyoanza Julai 2024, inayowalazimisha watengenezaji kutoa vipuri na maelekezo, imeziacha nje mashine za gemu. Sasa mtu wa Tanga aliyelipia diski yake aende wapi? Kwangu mimi hasira zetu zielekezwe huko kwanza, kabla ya kumfikia fundi mwenye meza moja na taa ya kusomea.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, umenifundisha hilo la California, na limenisikitisha. Nakubali: aliyenunua diski akataka nakala yake mwenyewe kwenye memori, moyo wangu haumwoni mwizi. Nilikuwa mkali upande huo, naurudisha.

Ila siwezi kuukubali msemo kwamba shida iko California wakati vumbi liko kwenye lenzi. Kijana aliambiwa kitu kimekufa na hakijafa. Umaskini wa vipuri haujamzuia mtu kufungua mlango na kutazama. Na kuna hatari ambayo fundi hukuitaja: ili mashine icheze gemu za kunakili kutoka memori lazima ubadilishe programu yake ya ndani, na betri ikikata katikati, mashine inaweza isiwake tena. Betri za 1000 zilizobaki mjini nyingi zimevimba.

Nikuulize wewe fundi, kwa haki. Ile 25,000 ungeichukua?

Fundi wa simu na gemu, Ngamiani

Kwa hiyo ya mpwa wako, nisingeichukua. Ningesafisha, ningechukua 5,000, na hizo gemu nisingeziweka.

Suala la betri ni kweli, ndiyo maana mimi nachomeka chaji na kuipima betri kwanza, na ikiwa imevimba sigusi programu. Mama wa Makorora, kuanzia leo nitauliza umri wa mtoto. Sikuwahi kuuliza.

Lakini lenzi ikiwa imekufa kweli, imesafishwa mara mbili na diski tatu tofauti hazisomi, nitamwambia mteja ahamie memori na aache kutafuta lenzi za mfukoni. Hapo, kaka, hujanibadilisha.

Mwanzisha mada

Basi lete moja iliyokufa hivyo Jumamosi, tuifungue pamoja. Utepe nitaushika mimi.