Bamba na skrubu ya kalibu ya kale ya kusubia risasi: nitengeneze vipi bila kuiharibu?

Mkaazi_wa_Ohio
Ndugu zangu mafundi, salaam. Baba mkwe wangu, aliyefariki mwaka jana huku Ohio, alituachia kalibu ya kusubia risasi za bunduki yenye muhuri wa Ideal, New Haven, kampuni iliyoanzishwa na John Barlow mwaka 1884 na kununuliwa na kampuni ya Lyman mwaka 1925. Pande zake mbili zinafumba vizuri hata mwanga haupenyi katikati, lakini bamba la juu, lile lenye tundu la kumiminia ambalo huzungushwa ili kukata kishina kilichoganda, limepotea pamoja na skrubu yake. Nilijaribu skrubu ya M5, yaani ya kipimo cha milimita 5, niliyoitoa kwenye baiskeli. Iliingia mizunguko miwili ikakaza, na nilipoitoa niliona vumbi la chuma linalong'aa kwenye ncha yake. Je, nimeshaharibu tundu? Na bamba nilichonge kwa chuma gani?

Tupa_na_Jiliwa
Poleni kwa msiba. Kama meno yameliwa, njia fupi ni kulitoboa tundu upya kwa kekee kubwa zaidi, ukate meno mapya ya kisasa, kisha ununue skrubu dukani.

Mkereza
Naomba nitofautiane na mwenzangu. Skrubu ikiharibika utakereza nyingine hata kumi, lakini tundu lililopanuliwa kwenye kalibu ya enzi hizo halirudi tena; kwa hiyo kipya ndicho kifuate cha kale. Ninashuku tundu hilo ni la inchi, la namba 10 lenye meno 32 kwa kila inchi, ambalo unene wa skrubu yake ni milimita 4.83. M5 ina milimita 5, na nafasi kati ya jino na jino inakaribiana mno, milimita 0.80 kwa 0.79, ndiyo maana inakubali kuingia kisha inang'ang'ania. Kwa mizunguko miwili, yaelekea umekwangua mdomo tu. Chonga kijiti cha mti laini, ukisokote ndani taratibu mpaka kipate alama, kisha uhesabu mifereji kabla ya kukata chochote.

Skrubu yenyewe iwe na bega, yaani sehemu laini isiyo na meno chini ya kichwa, refu kuliko unene wa bamba kwa kiasi cha karatasi moja, ili bamba lizunguke bila kulegeza meno. Bamba ni chuma cha pua cha milimita 3. Tundu lake liwe pana juu na jembamba chini, na ukingo wa chini uwe mkali kwa sababu ndio unaokata. Uso wa chini usugue kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Usitumie bati lililopakwa zinki, kwani zinki ikiingia kwenye madini ya risasi yaliyoyeyuka huharibu usubuji. Madini hayo huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi na yana sumu, hivyo fanyia kazi nje na unawe mikono kabla ya kula. Mwisho, gonga mwaka wa kazi yako chini ya bamba, ili atakayeirithi asidhani ni la asili.

Mkaazi_wa_Ohio
Ahsante sana, fundi. Kijiti kimetoka na mifereji 8 ndani ya robo inchi, yaani 32 kwa inchi kama ulivyosema, na ni mfereji wa kwanza tu uliokwaruzika. Jumamosi nitakereza skrubu, na mwaka nitaugonga chini ya bamba.