Tupeane uzoefu: siku profaili ya rangi ilipokutoa jasho kwenye kamera

Mzee_wa_Fremu: Wakuu jana nimepoteza masaa mawili na kamera ya Lumix S5II kisa kifaili kimoja cha LUT, yaani faili la kubadili rangi za video. Kadi inasomeka vizuri ila LUT haionekani. Kumbe jina lilikua refu, inataka herufi na namba zisizozidi 8, na faili likae nje kabisa kwenye kadi, sio ndani ya folda. Nimebadili jina, likaingia hapohapo. Nyie yenu ilikuaje?

pikseli: hilo la jina limetutesa wengi 😂

Bi_Lenzi: Kwenye kamera za Nikon Z shida ni folda sasa. NIKON, ndani yake CUSTOMPC, na faili la rangi liwe la Nikon wenyewe, .NP3. Mimi nilikua naweka .cube, la LUT, huku naitukana kadi.

StendiTatu: Mmenikumbusha kitu nilishaapa sisimulii. Nilikua na kamera ya Sony FX3, siku ya pili ya kazi, mgredi rangi (anayerekebisha rangi za video) kanitumia LUT yake anataka tuione kwenye skrini tukirekodi. Nikachomoa kadi nikaiweka kwenye kompyuta nikatengeneza folda kwa mkono, PRIVATE, SONY, PRO, LUT, nimerudisha kwenye kamera hamna kitu. Kumbe kuna folda moja nimekosea herufi. Saa saba usiku nikasoma mahali kwamba fomati kadi (ifute yote) kwenye kamera folda zitajitengeneza zenyewe, nikafomati. Kidole kimeshabonyeza ndo nakumbuka mahojiano ya jana yake yapo humohumo, bibi mmoja kaongea dakika 40 analia anacheka na alishasema harudii. Mwili wote ulipoa. Na LUT ikaingia vizuri kabisa, inang'aa!

pikseli: uwiiii

Kamanda_HD: Kamera ina nafasi mbili za kadi, ulikua unarekodi kwenye moja ya nini? Huo ni uzembe.

StendiTatu: Ya pili ilijaa mkuu. Hujawahi kuchoka wewe?

Bi_Lenzi: Kamanda acha, mtu keshaumia. Cha kujua tu LUT ikishaingia inakaa kwenye kamera, kwa hiyo ungetumia kadi yoyote tupu.

Mzee_wa_Fremu: Ulirudisha chochote?

StendiTatu: Kwa PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutika. Sikurekodi tena juu yake, hilo ndo liliniokoa. Faili kubwa zilirudi vipande, nilipata kama dakika 11.

rangi_kavu: Ndo maana mi sipakii kitu, nagredi nyumbani.

Kamanda_HD: Mi narekodi na LUT imeshakolea humohumo kwenye video. Mteja anataka video leo, nani ana muda wa logi, ile video iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye?

rangi_kavu: Subiri siku uikosee white balance (kuipa kamera rangi ya mwanga) kwenye video ya 8-bit, yenye rangi chache, uje utuambie ngozi za watu umezirudishaje.

Kamanda_HD: Sikosei.

Bi_Lenzi: 🤣 Haya. Mi LUT ni ya kuangalia tu, video inabaki logi. Ila mwambie anayehariri, mmoja alidhani ndo picha yenyewe akanipigia simu ati nimerekodi ukungu.

mgeni_wa_kamera: Samahani, na Canon? Nina faili la rangi la .pf3 nimeikopi kwenye kadi haionekani.

Mzee_wa_Fremu: Haiendi kwa kadi hiyo. Waya wa USB na EOS Utility, programu ya Canon ya kwenye kompyuta.

mgeni_wa_kamera: Nimechomeka, kompyuta haioni kamera.

pikseli: waya ulitoka na kamera au ni ule wa kuchajia simu?

mgeni_wa_kamera: ...wa simu

pikseli: nyingi za hivyo zinapitisha chaji tu ndugu, tafuta wa data 😂